Mwongozo kamili wa kuufahamu, kuununua na kuuonja mvinyo wa Château Haut-Brion, mwekundu na mweupe

Mtu anayekwenda kulitafuta shamba la Château Haut-Brion akiwa na picha ya mizabibu iliyotandaa vilimani hadi upeo wa macho atadhani amepotea njia. Shamba hilo limo Pessac, mji ambao zamani ulikuwa nje ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na ambao leo umemezwa na jiji hilo hata mizabibu imezungukwa na nyumba za watu, maduka, barabara yenye magari mengi na njia ya reli. Katika hekta zipatazo 51 zilizobanwa namna hiyo hutoka mvinyo mwekundu uliowekwa daraja la kwanza mwaka 1855, pamoja na mvinyo mweupe mkavu ulio mchache kiasi kwamba wapenzi wengi wa mvinyo huusikia tu kwa jina.

Chupa moja ya mvinyo mkuu wa shamba hili hugharimu mamia ya euro, na ile nyeupe kwa kawaida huipita nyekundu. Kwa bei hiyo, kosa dogo katika kununua, kuhifadhi au kufungua ni hasara isiyofidika. Ndiyo maana ushauri wa mwongozo huu wote ni mmoja: usianzie juu. Anza na ardhi, uje kwenye jina na lebo, upitie chupa ndogo za ukoo huo huo, na ile kubwa uifikie ukiwa unajua unachokitafuta ndani yake.

Jambo moja kuhusu maneno. Kiswahili kina "divai" na kina "mvinyo", na baadhi ya watu hulitumia hili la pili kwa kileo chochote kikali. Hapa mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochachushwa, basi.

Hatua ya kwanza: ijue ardhi kabla ya chupa

Eneo zima la kusini mwa Bordeaux liliitwa Graves, yaani changarawe, na jina hilo halikutolewa kwa mapambo. Mawe madogo ya mviringo yanayofunika Haut-Brion yaliletwa na mito katika zama za kale sana, yakarundikana juu ya mchanga na udongo wa mfinyanzi. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alipofika hapo mwaka 1677 alishangaa kuona mchanga mweupe uliochanganyika na changarawe, ardhi ambayo mtu angedhani haiwezi kuotesha chochote. Mkulima wa mahindi angekubaliana naye bila kusita. Mzabibu una tabia nyingine: ukipewa udongo wenye rutuba na maji tele, hujaza majani na zabibu zake huwa na ladha nyepesi, ukinyimwa, hupeleka mizizi chini sana na kuzaa zabibu chache zenye ladha nzito.

Changarawe hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hupitisha maji ya mvua haraka, jambo la maana katika nchi iliyo karibu na bahari ya Atlantiki ambako mvua inaweza kunyesha wiki ya mavuno, na hushika joto la mchana na kulirudisha kwa mizabibu usiku. Ongeza hapo joto la jiji lenyewe. Kuta na lami za Pessac huifanya Haut-Brion kuwa na joto kidogo kuliko mashamba ya Médoc yaliyo kaskazini, hivyo zabibu zake huiva mapema, na mara nyingi shamba hili huwa miongoni mwa ya kwanza kuanza kuvuna katika eneo lote la Bordeaux. Zabibu nyeupe zinaweza kuvunwa hata kabla Agosti haijaisha. Wanaolalamika kwamba jiji limeliharibu shamba hili wana haki kwa upande wa mandhari, ila kwa upande wa baridi ya masika inayoua machipukizi, jiji limekuwa blanketi.

Mizabibu karibu yote ni ya zabibu nyekundu: Merlot na Cabernet Sauvignon kwa viwango vinavyokaribiana, na Cabernet Franc kwa sehemu ndogo. Kiasi hiki cha Merlot ni kikubwa kuliko ilivyo kawaida katika mashamba makuu ya Médoc, na ndicho kinachoupa mvinyo huu ulaini unaowashangaza wanaotarajia ukali. Zabibu nyeupe, Sémillon na Sauvignon Blanc, zimepewa hekta zipatazo tatu tu. Ukiikumbuka hesabu hiyo, bei ya chupa nyeupe haitakushtua tena.

Hatua ya pili: ijue historia, kwa sababu ndiyo unayoilipia

Familia ya Pontac ndiyo iliyoliunda shamba hili. Jean de Pontac aliinunua milki ya Haut-Brion mwaka 1533 na kuanza kujenga jumba mwaka 1549, jumba ambalo mchoro wake bado uko kwenye lebo. Karne moja baadaye kizazi chake kilifanya jambo ambalo leo linaonekana dogo. Wakati huo mvinyo wa Bordeaux uliuzwa London kwa mapipa bila kutajwa shamba, ukafanana na mchele wa gulioni usiojulikana umetoka mpunga wa nani. Akina Pontac waliuuza wao kwa jina la shamba. Daftari la stoo ya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza la mwaka 1660 linautaja kwa tahajia ya "Hobriono", na tarehe 10 Aprili 1663 Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba amekunywa katika hoteli moja ya London mvinyo wa Kifaransa uitwao "Ho Bryan", wenye ladha nzuri na ya pekee ambayo hakuwahi kukutana nayo. Tahajia zote mbili ni mbovu, lakini kwa mfanyabiashara hakuna tangazo zuri kuliko hilo: mteja amekumbuka jina.

Baada ya moto mkubwa ulioiteketeza London mwaka 1666, François-Auguste de Pontac alifungua huko mgahawa wa kifahari uliouza mvinyo wa familia, na watu wenye majina wakawa wanakwenda kula hapo. Locke, katika safari ile ile, alinung'unika kwamba bei ilikuwa imepanda kwa sababu ya Waingereza matajiri walioagiza kilicho bora bila kujali gharama. Manung'uniko hayo yana zaidi ya miaka 340, na bado ni mapya kila mwaka.

Thomas Jefferson, kabla hajawa rais wa Marekani, alilitembelea shamba hili Mei 1787 na kuliweka miongoni mwa mashamba manne bora ya Bordeaux, pamoja na Margaux, Latour na Lafite. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, mmiliki wa wakati huo, Joseph de Fumel, alikatwa kichwa mwaka 1794. Mwanadiplomasia Talleyrand alilimiliki kati ya 1801 na 1804, na mwaka 1836 lilinunuliwa na familia ya Larrieu, iliyokuwa nalo wakati Napoleon wa Tatu alipotaka orodha ya mivinyo ya Bordeaux kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1855. Madalali walipanga mivinyo kwa bei ambazo soko lilikuwa limezilipa kwa miaka mingi. Mashamba yote ya mvinyo mwekundu katika orodha ile yalikuwa ya Médoc isipokuwa moja, na hilo moja liliwekwa daraja la kwanza moja kwa moja. Kuliacha Haut-Brion nje kwa sababu ya mpaka wa wilaya kungeifanya orodha yote ichekwe.

Mwaka 1935 shamba, likiwa limechoka, lilinunuliwa na Clarence Dillon, mwenye benki kutoka Marekani, na hadi leo limo mikononi mwa kizazi chake. Kampuni inaitwa Domaine Clarence Dillon na inaongozwa na Prince Robert wa Luxembourg. Familia nyingine ya kukumbuka ni ya Delmas, ambayo imesimamia kazi ya shambani na ghalani kwa vizazi vitatu: Georges tangu 1923, kisha Jean-Bernard, kisha Jean-Philippe. Jean-Bernard ndiye aliyeleta matangi ya chuma cha pua ya kuchachushia mwaka 1961, wakati mashamba makubwa mengine yalikuwa bado yanaona kwamba vyombo vya aina hiyo ni vya maziwa.

Hatua ya tatu: tofautisha majina yanayofanana

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Maneno "Haut-Brion" yapo kwenye lebo za mashamba kadhaa yaliyo halali kabisa, kila moja na mvinyo wake, na mnunuzi mwenye haraka hudhani yote ni kitu kimoja.

Château Haut-Brion lenyewe hutoa mivinyo mikuu miwili, mwekundu na mweupe, yote kwa jina hilo hilo. Mweupe huandikwa "Blanc". Zabibu au mapipa ambayo hayakufikia kiwango cha mvinyo mkuu mwekundu huingia katika mvinyo wa pili uitwao Le Clarence de Haut-Brion, ambao kabla ya mavuno ya 2007 uliitwa Bahans Haut-Brion. Ukikuta chupa ya zamani ya Bahans, basi, huo si mvinyo wa shamba jingine; ni ndugu yule yule kwa jina la utotoni.

Ng'ambo ya barabara kuna Château La Mission Haut-Brion, jirani na mshindani wa muda mrefu, ambalo familia ya Dillon ililinunua mwaka 1983. Ni shamba linalojitegemea, lenye mvinyo wake mwekundu na mweupe, na kwa wanywaji wengine linalingana na Haut-Brion katika baadhi ya miaka. Mwekundu wake huwa na misuli zaidi. Mweupe wake uliitwa Laville Haut-Brion hadi mavuno ya 2008. Kutokana na zabibu nyeupe za mashamba haya mawili hutengenezwa pia mvinyo wa pili mweupe, La Clarté de Haut-Brion.

Château Les Carmes Haut-Brion liko karibu lakini lina mmiliki mwingine. Château Larrivet Haut-Brion liko Léognan, kilomita kadhaa kutoka hapo, na halina uhusiano wa umiliki na Haut-Brion. Mivinyo yote miwili ni mizuri na ninaipendekeza kwa jina lake yenyewe, si kwa jina la kuazima. Mwishowe kuna Clarendelle, mvinyo wa kampuni ya Domaine Clarence Dillon unaotengenezwa kwa kuchanganya mivinyo ya sehemu mbalimbali za Bordeaux. Si mvinyo wa shamba la Haut-Brion lenyewe, ila bei yake ni ya mtu wa kawaida, na kwa mwanafunzi ni mlango wa kuingilia.

Hatua ya nne: isome lebo na chupa

Chupa yenyewe inasema kitu. Tangu mavuno ya 1958, Haut-Brion hutumia chupa yenye mabega mapana yanayoshuka kwa mteremko hadi kwenye kiwiliwili, tofauti na chupa ya kawaida ya Bordeaux yenye mabega yaliyokatwa wima. Ukiona mvinyo wa mwaka 1990 wenye jina hili ndani ya chupa ya kawaida, weka pesa mfukoni.

Kwenye lebo tafuta mambo manne. La kwanza ni mwaka, ambao ni mwaka wa kuvuna zabibu, si mwaka wa kutia chupani. La pili ni jina la eneo: chupa za sasa zina "Pessac-Léognan", eneo lililotengwa rasmi kutoka Graves mwaka 1987, wakati chupa za zamani zaidi zina "Graves". La tatu ni maneno "Mis en bouteille au château", yaani mvinyo umetiwa chupani shambani kwenyewe. La nne ni daraja, na hapa kuna mtego kwa mpenda nyeupe: orodha ya 1855 ya mivinyo meupe ilihusu mivinyo mitamu ya Sauternes na Barsac peke yake, kwa hiyo Haut-Brion mweupe hauna daraja la mwaka huo. Muuzaji anayekuambia kwamba chupa nyeupe ni ya "daraja la kwanza la 1855" amechanganya mambo, na aliyechanganya hilo anaweza kuwa amechanganya mengine.

Hatua ya tano: nunua kwa utaratibu

Haut-Brion, kama mashamba mengine makuu ya Bordeaux, haliuzi mvinyo wake mkuu moja kwa moja kwa mnywaji. Katika majira ya kuchipua baada ya mavuno, wakati mvinyo bado umo mapipani, bei hutangazwa na mvinyo hupitia kwa madalali na wafanyabiashara wa Bordeaux, kisha kwa waagizaji wa nchi mbalimbali. Ununuzi huu wa mapema huitwa "en primeur": unalipa sasa, chupa unaipokea baada ya miaka ipatayo miwili. Zamani ulikuwa na maana kwa sababu bei ilikuwa ya chini. Miaka ya karibuni mara nyingi chupa zilizokwisha kukomaa hupatikana kwa bei inayokaribia ile ya mvinyo ambao haujazaliwa vizuri. Kwa mnunuzi wa chupa moja au mbili naona hakuna haja ya kuhangaika na njia hiyo.

Anza na Clarendelle au La Clarté kwa upande wa nyeupe, na Le Clarence kwa upande wa nyekundu. Ukishaijua sauti ya familia, tafuta mvinyo mkuu wa mwaka ambao haukusifiwa sana, kama 2007 au 2011, badala ya kukimbilia 1989, mwaka ambao mwekundu wake umekuwa hadithi na bei yake inaendana na hadithi hiyo. Mwaka usio maarufu katika shamba kubwa hukomaa mapema na hugharimu kidogo, na ubora wa ardhi unausikia vile vile. Njia ya busara kuliko zote ni kushirikiana: chupa ya sentilita 75 inatosha watu wanane kwa kuonja, na wanane wakichanga, jambo lisilowezekana kwa mmoja linawezekana.

Kwa chupa yenye umri, muulize muuzaji ilikaa wapi tangu ilipotoka shambani, na usikubali jibu la jumla. Iinue kwenye mwanga utazame kimo cha mvinyo: kwa chupa ya miaka ishirini kinapaswa kuwa bado shingoni au karibu na mwanzo wa bega. Tazama kama kizibo kimesukumwa juu au kama kuna dalili za kuvuja, kwani hizo ni alama za joto. Kughushi nako kupo. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilimtia hatiani Rudy Kurniawan, aliyekuwa akichanganya na kuuza mivinyo bandia ya majina makubwa kwa matajiri, na mwaka uliofuata akafungwa miaka 10; waliodanganywa walikuwa watu waliojiona mabingwa. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti yenye maelezo kamili na aliye tayari kurudishiwa bidhaa.

Hatua ya sita: ihifadhi kama kitu kinachopumua polepole

Mvinyo huu unataka giza, utulivu, unyevu wa kadiri ya asilimia 70 na joto la nyuzi 12 hadi 14 lisilobadilika-badilika. Chupa ilazwe ili kizibo kibaki na unyevu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, haya yana maana moja: kabati la sebuleni halifai hata kama ni la mninga. Joto la nyuzi 30 kwa miezi michache huipika chupa iliyotunzwa kwa miaka. Kama huna jokofu maalumu la mvinyo, nunua karibu na siku ya kunywa na uiache chupa ghalani kwa muuzaji mwenye vifaa. Jokofu la jikoni linafaa kwa siku chache tu, kwani hukausha kizibo na hutetema kila mara.

Kuhusu muda, usifungue Haut-Brion mwekundu mkuu kabla haujafikisha miaka 10, na kwa mwaka mkubwa subiri 15 au 20. Mivinyo ya miaka mikubwa huendelea kuishi zaidi ya miaka 30. Le Clarence huwa tayari mapema zaidi. Mweupe una tabia ya kijana: hufurahisha katika miaka yake michache ya mwanzo, kisha hunyamaza na kununa kwa muda, halafu baada ya miaka 10 hivi hurudi ukiwa na mazungumzo mengine kabisa. Watu wengi huunywa katikati ya kipindi cha kununa, wakalaumu bei.

Hatua ya saba: ifungue bila papara

Siku moja au mbili kabla, isimamishe chupa nyekundu wima ili mashapo yashuke chini. Kwa mvinyo ulio chini ya miaka 15, mimina katika jagi la kioo saa mbili au tatu kabla ya kuunywa ili hewa iulainishe. Kwa mvinyo wa miaka 25 na kuendelea, kusudi la kumimina ni kuacha mashapo nyuma tu: washa mshumaa au tochi nyuma ya shingo ya chupa, mimina kwa mkono usiotetemeka, na usimame pale uzi mweusi wa mashapo unapofika shingoni. Kisha uunywe bila kuchelewa, kwa kuwa mvinyo wa umri huo unaweza kufifia ndani ya saa moja. Kizibo cha zamani huvunjika. Tumia kizibuo chenye mikono miwili membamba inayopenya pembeni ya kizibo, na uvute huku ukizungusha.

Joto la kunywea mwekundu ni nyuzi 16 hadi 18. Msemo wa Wazungu kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa "joto la chumba" ulihusu vyumba vya mawe vya Ufaransa ya kale, si chumba cha Tanga mwezi wa Februari. Ipoze chupa kwa dakika ishirini au thelathini. Mweupe unywewe kwa nyuzi 11 hadi 13. Ukiutoa moja kwa moja kwenye barafu utakuwa umelipia harufu ambazo baridi imezifungia. Glasi iwe pana kwa chini na nyembamba kwa juu, safi isiyonuka sabuni, na ijazwe theluthi moja tu.

Hatua ya nane: onja ukitafuta kitu maalumu

Anza na pua. Alama ya Haut-Brion mwekundu ni moshi: si wa kuungua, bali ule unaobaki kwenye nguo za mtu aliyekaa karibu na meko jana yake. Nyuma yake huja tumbaku kavu, tofali lililopigwa na jua, ngozi, na matunda meusi yanayoweza kukukumbusha forosadi au zambarau zilizoiva. Kadiri umri unavyosogea, matunda hurudi nyuma na udongo uliolowana na mvua ya kwanza huja mbele. Pepys alisema ladha ni ya pekee bila kueleza ni ipi. Nadhani pua yake ilikutana na moshi huu.

Mdomoni, tazama tanini, yaani ule ukakasi unaoufahamu katika chai kali ya rangi au katika bibo, tunda la mkorosho. Katika mvinyo mchanga wa shamba hili tanini ni nyingi lakini laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Meza, kisha hesabu kimoyomoyo: ladha inayodumu sekunde thelathini baada ya kumeza ni kawaida hapa, na ndiyo sehemu ya bei ambayo hakuna anayeweza kuighushi kwa urahisi.

Mweupe huchachushwa ndani ya mapipa ya mwaloni. Sauvignon Blanc huleta ukali wa ndimu na balungi, Sémillon huleta unene, nta ya nyuki na asali bila utamu wa sukari. Ukiwa mchanga unang'aa rangi ya majani makavu. Ukizeeka huwa wa dhahabu, na harufu ya njugu zilizokaangwa hujitokeza. Kosa la kawaida ni kuuonja kwanza kwa haraka kama kitangulizi cha mwekundu. Ningekushauri uupe mweupe nusu nzima ya jioni, urudie glasi ile ile kila baada ya dakika kumi, kwa kuwa hubadilika kadiri joto linavyopanda kuliko mwekundu.

Chakula kiwe cha kiasi. Mwekundu unapenda kondoo au mbuzi wa kuchoma aliyetiwa chumvi na kitunguu saumu tu; pilipili kali huufanya uonekane mchungu. Mweupe unakubali kamba, kambakoche na samaki wa kuoka, na unene wa Sémillon unaendana vizuri na tui la nazi jepesi, mradi ukwaju na pilipili vibaki jikoni.

Kwa anayetaka kufika mwenyewe

Treni ya kasi kutoka Paris hufika Bordeaux kwa saa zipatazo mbili, na Pessac hufikika kwa treni ya mkoa au kwa tramu ya njia B. Shamba halipokei watu wanaobisha hodi tu. Andika wiki nyingi kabla, uulize kwanza kama wageni wanapokewa kipindi hicho, na utaje sababu ya safari yako. Ukikosa nafasi, barabara ya Jean Jaurès inapita katikati ya Haut-Brion na La Mission, na changarawe zinaonekana wazi kutoka kwenye uzio. Jumba la maonyesho la Cité du Vin, lililofunguliwa Bordeaux mwaka 2016, litakujazia yaliyosalia. Msomaji asiyetumia kileo naye atapata mengi katika safari hiyo, kwa sababu mawe hayanywewi.

Ikibaki sehemu ya chupa, hamishia kwenye chupa ndogo iliyo safi hadi pomoni, ifunge vizuri na uiweke kwenye jokofu. Mweupe utakaa siku mbili hadi tatu. Mwekundu mchanga utakuwa mzuri kesho yake, wakati mwingine kuliko leo. Ule wa miaka thelathini umalizeni usiku huo huo.